Kubonyeza Mwili Si Mbadala wa Tiba

Msikilizaji, je, mwenzako hukoroma kwa nguvu, kisha pumzi hukatika, halafu hushtuka akihema? Mwambie. Huenda koo lake hulegea usingizini na kuziba njia ya hewa. Hali hiyo inaweza kuumiza moyo na kupandisha presha.

Wapo wanaojaribu kuitibu kwa kubonyeza sehemu maalumu za mwili, kama upande wa ndani wa mkono, karibu na kiganja. Kubonyeza huko kunaweza kutuliza mwili. Lakini hakuzuii koo kuziba.

Basi, kama una hali hiyo, fanya hivi. Nenda hospitali ukapimwe. Ukipewa mashine ya kusukuma hewa, itumie kila usiku. Lala kwa ubavu. Usinywe pombe kabla ya kulala.

Kumbuka: kubonyeza ni nyongeza tu. Si mbadala wa tiba.