Karani wa Chama ni Mtumishi wa Nani?

(Mazungumzo kwa makatibu na makarani wa vyama vya msingi, Ulemo, Wilaya ya Iramba)



Karani wa chama cha msingi aghalabu huonekana mtu mdogo. Hana kura katika kamati, wala hatajwi katika hotuba za mkutano mkuu. Walakini mkulima wa Ulemo aletapo gunia lake la alizeti hakutani na kamati. Hukutana na karani, mizani na kitabu cha stakabadhi. Hapo ndipo chama huaminiwa, au huanza kushukiwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni uhaba wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa uaminifu, na ajira za kujuana. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kuweka Tume ya Utumishi wa Ushirika, ili ajira na nidhamu visibaki mikononi mwa viongozi wa vyama peke yao. Tume ile haipo tena. Udugu ungalipo.

Chukulia karani aliye mpwa wa mwenyekiti. Jioni analetewa kikaratasi: ampe aliyekileta fedha kidogo kutoka sandukuni, hesabu itafanywa kesho. Kukataa ni kumvunjia heshima mjomba. Kukubali ni kugawa mali ya wanachama. Karani ajuaye kazi hafanyi ukali. Humwendea mzee, humwamkia ipasavyo, kisha humpa hati ya malipo na kumwomba aandike kiasi na sababu, ili ipelekwe kupata idhini na saini zinazotakiwa. Haja ikiwa ya halali, hati itapita. Isipokuwa ya halali, hati ndiyo itakayokwama, na mpwa hatakuwa ametamka neno baya. Utaratibu huo humlinda mwenyekiti pia. Wakaguzi wa COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982, hawapokei kikaratasi kuwa hesabu, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye ufunguo.

Katibu naye ana wajibu. Haifai kumtuma karani sokoni kwa shughuli za nyumbani ilhali wakulima wamepanga foleni mizanini. Akikosea, aonywe faraghani. Karani aliyekaripiwa mbele ya wanachama hatatiiwa nao kesho yake, na atajifunza kuficha makosa.

Kwa mwanachama asiyejua kusoma, hasa mama mzee aliyekuja peke yake, stakabadhi isomwe kwa sauti: uzito, bei, makato, na kiasi kinachobaki. Asiharakishwe. Lakini deni lake lisisomwe mbele ya foleni nzima, wala lisizungumzwe kilabuni jioni. Makarani wengi wasiogusa hata senti ya chama hupoteza heshima kwa ulimi tu.

Mwisho ni makabidhiano, jambo lipuuzwalo mno. Karani aendapo likizo na akabidhi kwa maandishi funguo, muhuri, fedha zilizohesabiwa mbele ya shahidi, na vitabu vya stakabadhi kwa nambari zake. Vitabu vitupu navyo vihesabiwe, kwa maana kitabu kitupu kilichopotea chaweza kuandikiwa mazao ambayo hayakufika ghalani kamwe.