Lugha za Printa

Tuseme umekwenda duka la steshenari, Temeke au Kinondoni, kuchapisha ankara. Printa inatoa karatasi kumi zenye herufi zisizosomeka. Je, imeharibika? Huenda ni nzima. Kompyuta imesema lugha moja, nayo printa inajua nyingine.

Printa nyingi za ofisi hujua PCL, lugha ya kampuni ya HP. Nyingine hujua PostScript, iliyotolewa na Adobe mwaka 1984. Printa ndogo za risiti mara nyingi hutumia ESC/POS ya Epson.

Ukiona ukurasa umeanza na alama %!PS, ujue kompyuta imetuma PostScript. Basi fundi achague draiva ya printa hiyo. Draiva ndiyo mkalimani. Kisha chapa karatasi moja kwanza. Karatasi ni fedha.