Mtoto Anayekawia Kusoma Si Mvivu
(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi wa watoto wa chekechea)

Nimezoea kushika kamera wengine wakihutubu, kwa hivyo leo mnivumilie.

Nina binamu yangu tuliyelelewa naye nyumba moja. Alikuwa anaweza kukusimulia mechi nzima aliyoisikia redioni, na redio hiyo ikiharibika, yeye ndiye aliyeitengeneza. Lakini mpe kitabu, jasho lilimtoka. Alirudia darasa la tatu, akachapwa, akaitwa mjinga mbele ya wenzake, na alipofika la sita akaacha shule. Mimi nilimcheka kama wengine. Nilikuja kusikia neno disleksia nikiwa chuoni, na mtu wa kwanza kunijia akilini alikuwa yeye.

Ulemavu wa kujifunza si ulemavu wa akili. Mtoto wa namna hii ana akili zake. Mwenye disleksia hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Wengine taabu yao ni kuandika au hesabu. Mara nyingi jambo hili hufuata ukoo. Si laana, halina dawa ya kumeza, na fimbo hailiondoi. Fimbo yenyewe ilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, ingawa wengine wetu hapa bado tunaitetea.

Kuna jambo linalotupita. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hivyo mtoto anaweza kujikokota silabi kwa silabi mpaka akafika mwisho wa sentensi. Mwalimu anaona amesoma. Kisha kinakuja Kiingereza, ambacho herufi zile zile hutamkwa hivi hapa na vile pale, na mtoto anakwama kabisa. Tunasema Kiingereza kimemshinda. Lakini Kiswahili alikisoma kwa kasi gani? Kujikokota kule kulikuwa dalili tayari.

Hapa chekechea, mwangalie mtoto aliyechelewa kusema, asiyeshika nyimbo zenye vina, anayefundishwa herufi leo na kesho ni kama hajawahi kuiona. Kugeuza b ikawa d akiwa na miaka mitano si neno. Akiendelea hivyo hadi Gredi ya 3, uliza.

Ukiwa na shaka, anza hospitalini apimwe macho na masikio, maana kuna watoto wanaoitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Kisha nenda kituo cha tathmini, kile walimu wanakiita EARC. Vituo hivi vipo Kenya tangu 1984, vingi viko ndani ya shule, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu nawe. Beba daftari za mtoto. Msiogope kwamba lazima ataondolewa shuleni kwenu. Wengi hubaki darasa lile lile, mwalimu akibadilisha namna ya kumfundisha. Na itunzeni ripoti ya tathmini. Baraza la mitihani, KNEC, lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye ulemavu, lakini shule lazima iombe mapema, na bila ripoti ombi halisimami.

Haya si fadhila. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuingia shule zilizo ndani ya jamii. Chekechea ni ya kaunti, shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa, na sisi wa serikali tunapenda kurushiana mpira. Ndiyo maana nawaomba walimu wetu wa chekechea: mtoto akivuka kwenda Gredi ya 1, andikeni mlichokiona, barua iende naye.

Binamu yangu sasa ana karakana ya pikipiki. Majuzi alinivuta kando akaniuliza kuhusu bintiye wa miaka mitano, ambaye herufi hazimkai. Swali lake lilikuwa moja: "Na huyu pia atachapwa?"

Tunampeleka kituoni wiki ijayo. Mwenye mtoto anayemtia wasiwasi asiondoke kabla ya kuonana na walimu walioketi meza ile ya nyuma.