Punda si ng'ombe: tuwakinge na usubi bila kuwatia sumu

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wenye punda na wachukuzi mjini Lamu. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, mama zetu, vijana wachukuzi, na wenzangu wa idara ya mifugo, asanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii. Najua saa moja ya punda kusimama ni saa moja ya pesa kusimama, kwa hivyo sitawaweka sana.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuwafikishia habari. Haya nitakayosema nimeyapitia na wataalamu walioketi hapa, na maswali magumu mtawauliza wao. Lakini niliomba nizungumze mwenyewe, kwa sababu jambo hili lilinipata.

Nikiwa kidato cha pili, mjomba wangu alikuwa na punda dume mmoja. Punda yule alibeba mchanga na mawe kutoka majahazini hadi kwenye majengo, na karo yangu ilitoka mgongoni mwake. Baada ya mvua za masika akaanza kujikuna. Alijisugua kwenye kuta usiku kucha, mpaka shingo na shina la mkia vikabaki bila manyoya, vidonda vitupu. Rafiki wa mjomba, mfugaji wa ng'ombe kutoka bara, akatupa dawa iliyobaki katika chupa, ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe. Alitupa kwa moyo safi. Aliyechanganya na kummwagia punda nilikuwa mimi.

Kesho yake punda alisimama kichwa chini, akiyumba kama mlevi. Hakula. Tumbo likajaa na kinyesi kikakatika. Siku ya nne akafa. Mjomba hakunilaumu hata siku moja, lakini mwaka ule tulikopa karo.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua sababu. Baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe zina kemikali iitwayo amitraz. Ng'ombe huistahimili. Punda na farasi hawaistahimili, kwa maana huwasimamisha matumbo yasifanye kazi. Kwa hivyo ndugu zangu, kama mtasahau yote niliyosema leo, shikeni hili moja: kabla ya kumpaka punda dawa yoyote, soma kibandiko. Ukiona neno AMITRAZ, iweke chini. Kama chupa haina kibandiko, iweke chini vilevile. Na kama tayari amemwagiwa, mwoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi, kisha mtafute daktari siku hiyo hiyo. Usingoje uone dalili.

Sasa tuulize, punda anajikuna kwa nini? Tazama mahali anapojikuna, na pale patakuonyesha adui.

Akijikuna kwenye shingo, mgongo na shina la mkia, mara nyingi ni usubi. Hawa ni wadudu wadogo kuliko mbu, huwaoni vizuri kwa macho. Baadhi ya punda na farasi miili yao hukataa mate ya usubi, na kuumwa kidogo tu huwawasha kupita kiasi. Ndiyo maana punda wako anaweza kuteseka na wa jirani yako, zizi moja, akawa mzima.

Akipiga miguu chini mchana kutwa, tazama miguu na tumbo. Hao ni nzi wanaouma, wanaofanana na nzi wa nyumbani lakini wana mdomo kama sindano. Masikioni, kifuani na chini ya mkia tafuta kupe. Manyoya yakisimama ovyo, pekua shingoni utafute chawa. Na ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba, huenda ni choa. Choa huambukiza punda wengine na hata watoto wetu, kwa hivyo shogi, kamba na brashi ya punda huyo zisitumiwe kwa mwingine.

Tusidharau kuwashwa. Punda akijikuna ukutani anachubuka. Penye mchubuko nzi hutua, na nzi wengine hubeba viluwiluwi vya minyoo vinavyofanya kidonda kikatae kupona kwa miezi. Kidonda kikiwa mahali pa shogi, punda hawezi kubeba. Ukimbebesha kwa nguvu, unachimba kidonda na unachimba riziki yako.

Tufanye nini basi? Mengi hayahitaji pesa.

Jambo la kwanza ni wakati na upepo. Usubi huuma zaidi jua linapotua na alfajiri, hewa ikiwa imetulia. Ni wanyonge wa kuruka, upepo mdogo tu huwashinda. Sisi wa Lamu Mungu ametupa upepo wa bahari. Punda anayewashwa asifungwe kichochoroni au karibu na tope na maji yaliyotuama wakati wa Magharibi. Mpeleke panapovuma. Kama una zizi lenye paa, mwingize kabla jua halijatua.

Jambo la pili ni kinyesi. Nzi wanaouma hutaga kwenye samadi iliyochanganyika na mkojo na majani yaliyooza. Kwa joto letu, yai hugeuka nzi kamili kwa muda wa wiki mbili hivi. Ukizoa kila siku ni bora zaidi. Ukishindwa kabisa, usipitishe wiki. Peleka shambani na uitandaze nyembamba ikauke. Ukiilundika nyuma ya zizi hujawaondoa nzi, umewajengea nyumba.

Jambo la tatu ni moshi. Makumbi ya nazi yakifukizwa upande unaotoka upepo hufukuza wadudu, na wazee wetu walilijua hilo kabla yetu. Lakini moshi uwe mahali wazi. Ndani ya zizi lililofungwa punda atakohoa, na utakuwa umetibu ngozi na kuharibu mapafu.

Jambo la nne ni kumkinga mwilini. Mafuta ya nazi kidogo kwenye shingo na shina la mkia hulainisha ngozi na kuwazuia usubi kufikia mahali pa kuumia. Usipake chini ya shogi, maana vumbi litashika na kuchubua. Kwa macho, kata kitambaa laini cha pamba kiwe matamvua, umfunge kwenye paji la uso. Kila akitikisa kichwa, nzi huruka. Wala usimkate nywele za mkia. Mkia ndio mwengo wake.

Wengi wetu huwaogesha punda baharini. Si vibaya. Lakini chumvi ikikaukia chini ya shogi hukwaruza. Ukipata ndoo moja ya maji baridi yasiyo ya chumvi, mmwagie mgongoni, umkaushe ndipo umpakie.

Jambo la tano ni dawa za dukani. Zipo dawa za jamii ya pareto zinazofukuza nzi na usubi, na nyingine zinazoua chawa na kupe. Mwulize afisa wa mifugo ni ipi inafaa punda na kwa kiasi gani. Tena kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Baadhi ya dawa hizi ni sumu kali kwa paka na kwa samaki. Mji wetu umejaa paka wanaolala popote. Usiwaache wakaribie punda aliyepakwa dawa mpaka akauke, wala usimwage mabaki baharini au kwenye mtaro unaoteremka huko.

Sasa makatazo, na hapa naomba tusioneane haya. Tuache kupaka oili chafu ya injini. Tuache mafuta ya taa. Tuache kuchoma kidonda kwa chuma cha moto. Oili na mafuta ya taa huunguza ngozi na sumu yake huingia mwilini, na chuma huongeza kidonda juu ya kidonda. Punda ni mvumilivu. Kunyamaza kwake si dalili kwamba haumii.

Mwite daktari kidonda kisipoonyesha kupona kwa wiki moja, macho yakitoa usaha, punda akiacha kula, au akijikuna hadi kutoka damu. Mpigie afisa wa mifugo wa wadi yako au mpeleke kwenye zahanati ya punda hapa mjini.

Ninamalizia. Mitaa yetu ni myembamba, gari halipiti. Saruji ya nyumba, maji, mizigo ya duka, vyote hupita mgongoni mwa punda. Chupa ile tuliyopewa hatukuilipia hata senti moja, na ikatugharimu punda. Mwoneeni huruma kijana mwingine asiyejua kama nilivyokuwa mimi. Jioni ya leo nyumbani, itazameni chupa iliyo pembeni ya zizi, msome kilichoandikwa.

Madaktari wako hapa, karibuni kwa maswali.