Tuwafundishe Kusoma kwa Saa: Maandalizi ya Waombaji wa Masomo ya Uzamili

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa mkutano wa kamati za elimu za sharika, Iringa



Ndugu Mwenyekiti, wachungaji, wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati za elimu kutoka Mbeya na Iringa, pamoja na ndugu zetu wafadhili. Tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha salama, hasa ninyi mliotoka Mbeya na kupita Makambako katika mvua hizi.

Tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini limekula fedha za sharika na kuwavunja moyo vijana wetu. Ni mtihani wa kuingia masomo ya uzamili nje ya nchi, ule unaoitwa GRE.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipompeleka mwombaji wetu wa kwanza, mwalimu wa sekondari, ofisi yetu ilidhani wajibu wake ni kulipa ada na nauli tu. Tulimpa kitabu chenye orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza, tukamwombea, tukamwaga. Mchana alifundisha, usiku alikariri maneno. Akasafiri kutwa nzima kwa basi hadi Dar es Salaam, akaingia kwenye mtihani kesho yake asubuhi. Hesabu alizimudu. Katika sehemu ya lugha alikwama kwenye kifungu kimoja kirefu, akakisoma mara tatu, na muda ulipokwisha maswali matano yalikuwa hayajaguswa. Aliporudi hakukanyaga ofisini kwetu kwa wiki mbili. Aliona aibu, maana fedha zile zilitokana na sadaka ya mavuno. Ndugu zangu, aibu ile ilikuwa yetu, si yake.

Tuutazame mtihani wenyewe. Tangu Septemba 2023 umefupishwa na sasa huchukua kama saa 1 na dakika 58. Kuna insha moja ya dakika 30, sehemu mbili za hesabu na sehemu mbili za lugha. Sehemu ya kwanza ya lugha ina maswali 12 kwa dakika 18, na ya pili ina maswali 15 kwa dakika 23. Jumla ni maswali 27 kwa dakika 41, yaani kama dakika moja na nusu kwa swali. Alama za lugha huanzia 130 hadi 170. Tena kompyuta huangalia mtahiniwa alivyofanya sehemu ya kwanza, ndipo humpangia ugumu wa sehemu ya pili. Kwa hiyo mwanzo mbaya una gharama.

Jambo la kwanza ni maneno. Vijana wetu wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wakaingia katika Kiingereza cha kukariri na kujibu. Hilo si kosa lao. Lakini mtihani huu haupimi wingi wa maneno peke yake, unapima jinsi maneno yanavyobeba hoja. Tuchukue mfano wa kwetu: "Ingawa mzee yule alijulikana kuwa [pengo], siku ya harambee alitoa ng'ombe wawili." Kila mmoja hapa ameshajaza "bahili". Nani ametuambia? Ni neno "ingawa". Tukiweka "kwa kuwa" mahali pake, jibu linageuka kuwa "mkarimu". Mwombaji anayetafuta kwanza neno la aina hiyo katika sentensi ya Kiingereza atapata jibu hata pale asipoyajua maneno yote.

Kuna pia maneno tunayodhani tunayajua. Neno "qualified" kwetu sote ni mtu mwenye sifa za kazi. Katika vifungu vya kitaaluma, "qualified praise" ni sifa zenye masharti, kusifu nusunusu. Maneno ya namna hii huwaangusha watu kuliko yale magumu, kwa sababu hakuna anayehangaika kuyatafuta katika kamusi.

Jambo la pili ni muda. Maswali yote katika sehemu moja yana uzito sawa, na jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Mtahiniwa anaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia kabla sehemu hiyo haijafungwa. Ukiyajua haya matatu, utaona kwamba yule mwalimu wetu hakushindwa na Kiingereza. Alishindwa na heshima yake kwa kifungu kimoja. Sasa tunawafundisha waombaji kuanza na maswali ya kujaza mapengo, ambayo mengi yanaweza kumalizika kwa dakika moja, kisha vifungu vifupi, na kile kirefu mwisho. Swali likivuka dakika mbili, weka alama, chagua jibu la kukisia, songa mbele. Dakika ya mwisho ni ya kuhakikisha hakuna swali lililobaki tupu.

Mazoezi tunayopendekeza ni ya wiki 12. Kila siku mwombaji asome ukurasa mmoja wa Kiingereza kizito, iwe sayansi, historia au uchumi, huku saa ikiwa mezani, kisha aandike kwa sentensi moja mwandishi anadai nini. Awe na daftari la makosa, ambamo ataandika kwa nini alikosa: neno, hoja au muda. Siku moja kwa wiki afanye zoezi kamili kwa kompyuta bila kusimama. Waandaaji wa mtihani hutoa mitihani ya majaribio bila malipo kwenye tovuti yao, hivyo hakuna haja ya kununua vitabu vingi.

Sasa tuje kwenye wajibu wa kamati. Mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14 tunaufahamu. Tuhesabu gharama kabla ya kujenga.

Kwanza, tuulize chuo husika kama mtihani unahitajika. Tangu 2020 vyuo vingi vya Marekani vimeuondoa katika masharti ya kozi nyingi. Tusilipie kisichodaiwa.

Pili, bajeti iwe kamili. Mwaka 2024 ada ilikuwa dola 220 za Marekani katika nchi nyingi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, kwa hiyo tuweke malazi ya siku mbili ili mtu apumzike. Mtihani wa nyumbani upo tangu 2020, lakini unadai kompyuta yenye kamera, intaneti ya uhakika na chumba cha peke yako. Kwetu umeme ukikatika, ada iko hatarini.

Tatu, tutenge fedha za jaribio la pili. Mtahiniwa anaweza kurudia baada ya siku 21, na matokeo hudumu miaka mitano.

Nne, na hili halihitaji mfadhili: tumpe mwombaji muda. Tusimpe uongozi wa kwaya, uhasibu wa harambee na vipindi vya jioni, halafu tumwulize kwa nini hakujiandaa.

Mwalimu wetu alirudia. Safari hii alilala Dar es Salaam usiku mbili, akajibu maswali yote 27, na alama zake za lugha zilipanda. Bado anasubiri majibu ya chuo, na hatuwezi kuwaahidi atapata nafasi. Lakini siku aliporudi alikuja ofisini kwanza, kabla hajafika nyumbani, akiwa na daftari lake la makosa mkononi. Aliomba tumpe mwombaji anayefuata.

Daftari hilo sasa liko Mbeya kwa muuguzi mmoja anayejiandaa. Tunaomba kila kamati irudi nyumbani na swali hili: mwombaji wetu anapata saa moja ya utulivu kila siku, au hapati? Mkiweza kumpa hiyo, mtakuwa mmechangia kuliko fedha nyingi.