Gharama ya Safari ya Pili: Uchunguzi na Tiba ya Saratani ya Mlango wa Kizazi



Sitaeleza jinsi virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, wala chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Hayo tunayafundisha humu chuoni kila muhula. Kilichonisimamisha hapa ni kauli ninayoisikia kila tukijadili bajeti: kwamba uchunguzi ni bure, kwa hiyo mwanamke asiyekuja, au anayekuja mara moja akapotea, amekosa mwamko, na dawa yake ni semina na mabango.

Kauli hiyo ni potofu na inaua. Nilikuwa mtafiti kijana katika kliniki moja ya wilaya siku mama mmoja alipopanda kitandani. Muuguzi alipaka siki kwa pamba, akasubiri dakika moja, doa jeupe likajitokeza. Yalikuwa mabadiliko ya awali, ya kutibiwa palepale kwa kugandisha: dakika tatu, kuachia dakika tano, kisha tatu tena. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Mama akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Nauli ya siku hiyo alikuwa ameikopa kwenye kikoba, na palizi ilikuwa inamsubiri shambani. Kwenye safu ya mwisho ya rejesta muuguzi aliandika baadaye: "hakurudi". Maandishi kama hayo yalijumlishwa, yakapelekwa juu, na huko yakasomwa kuwa wanawake hawana mwamko. Safu ya mtungi mtupu haikuwepo.

Wenzangu wanajua ninavyoupenda utafiti wa Sue Goldie na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005 katika New England Journal of Medicine. Naomba niukalie kidogo. Walichukua India, Kenya, Peru, Afrika Kusini na Thailand, wakahesabu gharama za matibabu na za kuendesha mpango, kisha wakaongeza kitu ambacho bajeti zetu hukiruka: muda wa mwanamke mwenyewe. Wakaona kwamba kumpima mara moja tu maishani, akiwa na miaka 35, kwa siki au kwa kipimo cha HPV, katika ziara moja au mbili, kunapunguza hatari yake ya kupata saratani hii kwa takriban asilimia 25 hadi 36, kwa gharama isiyofika dola 500 kwa kila mwaka wa uhai uliookolewa. Mikakati yenye tija kubwa zaidi ilikuwa ile yenye ziara chache zaidi. Miaka mingi imepita na bado tunamwambia mwanamke arudi siku nyingine.

Ipo hoja nzito dhidi yangu. Utafiti wa Osmanabad, India, wa mwaka 2009, ulionesha kuwa kipimo cha HPV kilipunguza vifo karibu nusu, ilhali siki haikuleta upungufu wa wazi. Naikubali. Kipimo hicho ni bora, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Lakini sampuli ikisafiri hadi maabara ya mbali, majibu yakachukua wiki kadhaa, tumemrudisha mama kwenye nauli ileile. Kwa hiyo nabaki na msimamo wangu: apimwe na kutibiwa siku moja, kwa kipimo chochote kinachowezesha hilo.

Anayekosa tiba hiyo huenda akaja kuhitaji mionzi kila siku ya kazi kwa takriban wiki tano. Mama wa Kigoma aliyelazimika kwenda hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hata asipotozwa chochote kwa mionzi yenyewe, atahitaji pa kulala, chakula na ndugu wa kumuuguza, na nyumbani ng'ombe na shamba vitauzwa.

Siku hizi kuna kifaa cha kuunguza kwa joto kisichohitaji gesi, kinachotumia betri na kumaliza kazi kwa chini ya dakika moja. Wakurugenzi na madiwani mliokuja leo, nawaomba: msipitishe bajeti ya kitanda cha uchunguzi ambacho hakina kifaa cha tiba pembeni yake.