Ngoma Isimwache Mtoto Mpakani

(Hotuba iliyotolewa na muuguzi, mwanachama wa jumuiya yetu, katika sherehe za Uhuru, Gahanna, Ohio, tarehe 9 Desemba)

     

Kamati iliniomba nizungumze juu ya afya. Nitafika huko, lakini nitapitia kwenye tarumbeta, na naomba mnivumilie. Tulipoingia ukumbini leo vijana wetu walitupokea kwa ngoma na matarumbeta. Nimewaona wazee wawili watatu wakikaza mabega kama wako Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wanasubiri gwaride lipite.

Watoto wetu wengi wanadhani bendi ya gwaride ni kitu walichokikuta Marekani. Siwalaumu. Hapa Columbus wanakua wakiitazama bendi ya Ohio State University, ambayo tangu 1934 ni ya tarumbeta na ngoma tupu, na tangu 1936 huandika neno Ohio uwanjani kwa miguu yao. Wenzetu wa Louisville wana Pegasus Parade, iliyoanza 1956. Wa Buffalo wamepokea fainali za Drum Corps International mwaka 1990, 1995 na 2001. Fainali hizo zenyewe ziliwahi kuvuka mpaka: mwaka 1981 na 1982 zilifanyika Montreal, Kanada.

Lakini wanangu, mababu zenu walikuwa wakicheza beni kabla ya yote hayo. Neno lenyewe ni bendi, limetiwa ulimi wa pwani. Ngoma hiyo ilianza Mombasa na Lamu mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanga, na kabla ya vita vya 1914 Tanga ilikuwa na vyama viwili vikishindana kwa sare, mwendo na nyimbo: Marini na Arinoti. Wakubwa wa vyama walijipa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Aliyekuwa mpishi au mchukuzi kutwa nzima, jioni alikuwa jenerali.

Vita vilipokuja, beni ilitembea na askari na wapagazi. Wale waliokuwa upande wa Wajerumani walivuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, na mwaka uliofuata wakasalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Vita vilipokwisha, ngoma ilibaki kila walikopita. Kando ya Ziwa Nyasa watu wasio na tarumbeta za shaba walitengeneza za vibuyu, wakaziita malipenga. Huko Rhodesia ya Kaskazini iliitwa mbeni, na wachimba shaba walipogoma mwaka 1935, tume iliyochunguza mgomo ilikitazama pia chama cha Mbeni. Serikali ziliona mashaka kwamba watu wa kawaida wana mtandao unaovuka mipaka bila kuziuliza.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi nalipenda kuliko sare. Mtu wa Marini akihamia mji mwingine alitafuta Marini wa mji ule. Wao ndio waliompokea, na akifa ugenini walimzika. Ngoma ilikuwa mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na watu wanaotunzana. Mwaka 1951, katika mji wa machimbo wa Luanshya, mtafiti aitwaye Clyde Mitchell aliitazama kalela, ngoma iliyotokana na mbeni. Alikuta kundi lina daktari wake aliyevaa joho jeupe, na sista wa hospitali aliyepita katikati ya wachezaji akiwa na kioo na leso, ahakikishe kila mmoja yuko nadhifu. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu jikoni. Nilijua kazi yangu katika jumuiya hii ina ukoo mrefu.

Ndugu zangu, na mimi nilikuwa sista wa namna hiyo. Miaka michache iliyopita bendi ya shule moja ya huku Ohio ilialikwa kucheza Kanada, upande wa pili wa Niagara. Walihitaji muuguzi wa kujitolea, nikajitolea. Nilikagua fomu za afya za watoto wote: nani ana pumu, nani ana kisukari, nani haguswi na karanga. Kila dawa niliiweka katika chupa yake yenye jina la mtoto. Nilijiona nimemaliza kazi.

Tulikutana saa kumi alfajiri kwenye maegesho ya shule. Kati ya watoto alikuwamo mmoja wetu, mpiga tarumbeta, miaka 15. Msimamizi wa safari alipoanza kukusanya hati, kijana akatoa grinikadi yake na pasipoti ya Tanzania. Pasipoti ilikuwa imekwisha muda miezi saba nyuma. Kwa mwenye grinikadi, Kanada hudai vyote viwili: kadi yenyewe na pasipoti hai ya nchi yake. Shule ilikuwa imetuma barua mara tatu. Baba yake alikuwa anafanya zamu mbili, na barua zilibaki kwenye begi la shule. Mimi nilikuwa nimeishika fomu ya mtoto huyu kwa mikono yangu, nikaona amezaliwa Morogoro, nikageuza ukurasa kutafuta chanjo. Sikuuliza.

Basi liliondoka. Alibaki pale chini ya taa, amevaa sare kamili, ameshika sanduku la tarumbeta, baba yake kando yake hana la kusema. Kutoka Columbus hadi Buffalo ni mwendo wa saa tano na ushei. Tulivuka Niagara kwa Peace Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1927, na watoto wakapiga makofi basi lilipogusa Kanada. Mimi sikupiga. Siku ya pili bendi ilipotoka kwenye gwaride, mstari wa tarumbeta ulikuwa na pengo, maana hakukuwa na wa kuziba nafasi. Wenyeji walishangilia. Mimi niliona pengo tu.

Kilichoniuma zaidi nilikijua miezi baadaye, tulipokwenda na baba yake kwa wakili. Baba alikuwa ameapa kuwa raia wa Marekani miaka miwili kabla ya safari ile. Kwa sheria inayotumika tangu Februari 2001, mtoto mwenye ukaazi wa kudumu, aliye chini ya miaka 18, anayeishi hapa chini ya malezi ya mzazi aliye raia, huwa raia palepale mzazi anapoapa. Haombi, haapi. Kijana wetu alikuwa raia siku ile tuliyomwacha chini ya taa. Alikosa karatasi ya kuonyesha tu, na hakuna mtu nyumbani mwao wala katika jumuiya yetu aliyejua. Safari ile haijarudiwa. Yeye amekwisha kumaliza shule.

Kijana mwenyewe na baba yake wameniruhusu nisimulie. Nawashukuru.

Kwa nini nasimulia leo? Kwa sababu wenzetu wa Buffalo wametualika tupeleke kikundi chetu cha ngoma na matarumbeta wakati wa joto. Na wapo wanaosema kwamba tukishafika Buffalo tuvuke daraja, tukacheze na Watanzania wa Ontario. Wazo ni zuri. Watoto wanalitaka. Wazee wetu wana msemo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Nina mambo ya kuunda kabla hatujaelea.

La kwanza, kila mzazi afungue kabati leo usiku. Tazama tarehe ya pasipoti ya kila mtoto. Kama wewe umeapa na mwanao ana grinikadi, muulize wakili kama mwanao tayari ni raia, kisha mwombee pasipoti. Mtoto raia aliye chini ya miaka 19, akisafiri na kundi la shule, la dini au la utamaduni chini ya mtu mzima, anaweza kurudi Marekani kwa njia ya nchi kavu na cheti cha kuzaliwa cha hapa au cheti cha uraia wa tajnisi. Kundi liwe na orodha ya majina na barua za wazazi. Aliyepokewa kama mkimbizi aombe hati ya kusafiria ya mkimbizi kabla hajaondoka. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo tuulize upya kila safari.

La pili ni vyombo. Kila tarumbeta iandikwe kwenye orodha pamoja na namba yake, ili forodha ijue tulitoka nayo. Ngoma zetu tuzichunguze. Iliyowambwa ngozi ya kenge iko chini ya mkataba wa CITES, na bila kibali inaweza kuzuiwa mpakani. Ngoma ya babu ibaki nyumbani, tubebe ya ngozi ya mbuzi, na hata hiyo tuulize kwanza. Na dawa, nimeshasema: chupa yake, jina lake.

La tatu ndilo gumu, na ndilo lililonileta mbele yenu. Katika ukumbi huu zimo familia ambazo haziwezi kuvuka, hata zikipanga makaratasi vizuri namna gani. Wengine kesi zao bado zinasikilizwa. Mtu anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi akitoka nje ya nchi bila ruhusa, ombi linaweza kuhesabiwa kuwa amelitupa. Atakuwa amebadilisha miaka ya kusubiri kwa ngoma ya nusu saa. Wazazi wa namna hiyo hawatasimama hapa waseme. Watasema mtoto ana mafua.

Hospitalini sisi hatumuulizi mgonjwa ugonjwa wake mbele ya foleni. Naiomba kamati ifanye vivyo hivyo. Asiulizwe mzazi hadharani ana karatasi gani. Tuchague watu wawili wanaojua kunyamaza, wazungumze na kila familia faraghani, na wasiandike popote walichoambiwa. Jibu litakalokuja kwa kamati liwe moja tu: kikundi chote kinaweza kuvuka, au hakiwezi.

Kama hakiwezi, pendekezo langu ni hili. Tusivuke. Tucheze Buffalo, ukingoni mwa mto, na tuwaombe ndugu zetu wa Ontario wenye uwezo waje upande wetu. Najua wapo watakaosema tunawanyima wengi kwa ajili ya wawili watatu. Vijana wameniambia hivyo hivyo, tena kwa sauti. Nawajibu kwa heshima: mwanao mwenye pasipoti atavuka daraja lile maisha yake yote, akitaka hata kesho kwenda kula chipsi Fort Erie. Hatapungukiwa. Yule mwingine akiachwa kwenye maegesho amevaa sare yetu, tuliyomshonea sisi, atajifunza kwamba hata kwao kuna mstari ambao nafasi yake inaweza kubaki wazi na ngoma ikaendelea. Shule ilipofanya hivyo, haikumjua. Sisi tunamjua.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huku ugenini, kwao ni wapi kama si hapa kwetu? Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ilipopandishwa, Uhuru ulikuwa wa kila aliyekuwa ndani ya mpaka, mwenye kusoma na asiyejua kusoma. Tukiusherehekea kwa gwaride, mwendo wa gwaride upimwe na anayepata taabu kufika.

Nimesema mengi na pilau linapoa. Nimalizie kwa kuwaomba mkae wima. Wimbo wa taifa utapigwa sasa kwa tarumbeta, na atakayepiga ni yule kijana wa maegesho. Ana miaka 19, na pasipoti yake iko mfukoni. Ameniambia wakati wa joto atakuja Buffalo na wadogo zake, na hatavuka kama wao hawavuki.

Kheri ya sikukuu ya Uhuru.